Kioo cha Pili, Ndoa Moja

Mume Dar, mafaili Dodoma, na laki tano kwenye kibubu. Tulinunua kioo cha kubeba, lakini kabla ya hapo tulilazimika kuongea.

Mpenzi msomaji, tuanze na swali dogo. Kati ya vitu vyote ambavyo wewe na mwenzako mmewahi kubishana kabla ya kuvinunua, kipi kiliwachukua muda mrefu zaidi? Wengine watasema gari, wengine kiwanja, na wapo watakaosema kitanda. Kwetu sisi kilikuwa kioo cha kompyuta chembamba kama daftari. Wiki tatu nzima! Usicheke. Siku hizi ambapo watu wengi tunafanya kazi huku tunatembea, swali hili litakufikia na wewe, kama halijakufikia tayari.

Kwanza niwaeleze tunavyoishi. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Mume wangu anachora ramani za nyumba, na wateja wake wote wako Dar: Goba, Bunju, Kigamboni, kule watu wanakojenga. Ofisi yetu ilipopata wateja wengi Dodoma, bosi aliniita akanipa mambo mawili nichague: nihamie huko moja kwa moja, au niwe nakwenda na kurudi. Wakati huo ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Tukakaa chini, tukapiga mahesabu, tukakubaliana kwamba naondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa asubuhi.

Mpango huo unawezekana kwa sababu ya treni ya umeme. Tangu safari za Dar hadi Dodoma zilipoanza Julai 2024, mwendo ambao kwa basi ulikuwa unakula siku nzima sasa unachukua muda wa saa nne hivi. Mashoga zangu wanaiita ndoa yangu "ndoa ya reli". Sawa tu, mradi reli inanirudisha nyumbani.

Tatizo ni kwamba kazi ilikuwa haiishi Alhamisi.

Kazi yangu kubwa ni kulinganisha. Taarifa ya benki iko upande huu, daftari la kampuni upande ule, na kila muamala lazima upate mwenzake. Sasa jaribu kufanya hivyo kwenye laptopu ya inchi 14. Unaona namba, unaikariri kichwani, unafungua dirisha la pili, unafika kule umeshaisahau. Unarudi. Ukipunguza madirisha yakae mawili kwa pamoja, tarakimu zinakuwa ndogo kama sisimizi. Ofisini Dar nina kioo kikubwa cha pili, kwa hiyo kazi ile ile naimaliza kwa utulivu. Gesti Dodoma, mpaka saa sita usiku bado nakodoa macho. Treni ya Ijumaa asubuhi ikawa ya Ijumaa jioni, halafu ikawa ya Jumamosi. Na hata nikifika, faili limo kwenye begi. Natandaza karatasi kwenye meza ya chakula, mume wangu ametandaza ramani zake upande wa pili, na sahani za wali tunazipakata mbele ya televisheni kama abiria wa basi.

Usiku mmoja wa Jumamosi akaniambia, kwa upole kabisa, "Mke wangu, mimi nilikubali Dodoma ikuchukue siku nne. Sikukubali ije mpaka hapa mezani."

Hapo ndipo habari ya kioo cha pili ilipoanza.

Kikubwa cha nyumbani au kidogo cha begi?

Mume wangu alitaka tununue monita kubwa ya inchi 27, ikae nyumbani, tuitumie wote wawili. Hoja zake zilikuwa na kichwa na miguu. Kioo kikubwa kinakupa nafasi zaidi kwa pesa ile ile, kinakaa juu usawa wa macho, na hakichoshi shingo. Kwa mchora ramani, hicho ni chombo cha kazi hasa. Angekuwa anauliza mtu mwingine yeyote, ningemuunga mkono.

Mimi nilitaka kioo cha kubeba. Hoja yangu ilikuwa moja tu. Muda ninaoupoteza unapotelea Dodoma, hauko Dar. Kioo kikubwa cha nyumbani kingenifanya nifanye kazi vizuri Jumamosi. Mimi sikutaka kufanya kazi vizuri Jumamosi. Nilitaka Jumamosi nisifanye kazi kabisa, nikae na mume wangu.

Nilipolisema hivyo, alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kazi ya kioo hiki ni kukurudisha Ijumaa asubuhi?" Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo kazi yake. Kuanzia hapo tukawa na kipimo kimoja, na kila kitu tulichokisoma au kuambiwa dukani tukakipima kwa hicho.

Wapo watakaoniuliza, kwa nini usitumie njia ya bei nafuu? Tulizipitia zote. Kama una kompyuta ya Mac na iPad ya miaka ya karibuni, tangu mwaka 2019 Apple waliweka uwezo unaoitwa Sidecar, ambao unaigeuza iPad kuwa kioo cha pili bila kununua kitu. Tableti nyingine nazo zina programu za namna hiyo. Sisi hatuna. Njia nyingine ni televisheni ya gesti. Ukiwa na waya wa HDMI mkobani, unachomeka na maisha yanaendelea. Lakini gesti niliyokuwa nafikia, televisheni imefungwa juu ukutani karibu na dari. Kusoma taarifa ya benki ukiwa umeinua kidevu usiku kucha, shingo yako itakuambia kesho yake.

Tundu kwanza, kioo baadaye

Hili ndilo somo la kwanza, na ndilo linalowaliza wengi. Kabla hujaangalia kioo, angalia tundu la laptopu yako.

Vioo vingi vya kubeba siku hizi vinatumia waya wa USB-C, ule wenye kichwa kidogo cha mviringo unaochomeka upande wowote. Waya mmoja unapeleka picha na umeme kwa pamoja. Bomba kabisa. Lakini USB-C, iliyotoka mwaka 2014, ni umbo la tundu tu. Umbo halikuambii uwezo. Kuna matundu ya USB-C yanayochaji na kuhamisha mafaili basi, picha hayatoi. Ili picha itoke, tundu liwe na uwezo unaoitwa DisplayPort Alt Mode, au liwe la Thunderbolt. Pembeni ya tundu unaweza kuona alama ya radi kwa Thunderbolt, au alama yenye herufi D na P. Usipoona alama yoyote usikate tamaa, na pia usijipe moyo: tafuta jina kamili la laptopu yako na usome maelezo ya mtengenezaji.

Shoga yangu mmoja wa kazini alinunua kioo kizuri, chembamba, cha kupendeza ile mbaya. Kufika nyumbani akakichomeka, kikawaka, halafu kikaandika kwamba hakuna picha inayokuja. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba "USB-C ni USB-C tu, dada". Bahati nzuri kioo chake kilikuwa pia na tundu dogo la HDMI. Sasa anatumia nyaya mbili: mmoja wa HDMI kwa picha, mwingine kwa umeme. Kinafanya kazi, ila meza yake imejaa nyaya kama nguzo za mtaani kwetu.

Na kama laptopu yako ni ya zamani, yenye matundu mapana ya USB peke yake? Vipo vioo na adapta zinazotumia teknolojia ya DisplayLink, ambapo programu unayoiweka kwenye kompyuta ndiyo inayotuma picha kupitia tundu la kawaida. Kwa Excel na kusoma barua pepe inatosha. Wa Mac nao wajue kwamba MacBook Air za M1 na M2 zinakubali kioo kimoja tu cha nje. Kwa kioo cha begi hakuna shida, ila usije ukapanga kuunganisha viwili.

Boksi la tambi na rula

Vioo vya kubeba vinavyouzwa zaidi ni vya kati ya inchi 13 na 16, na cha inchi 15.6 utakikuta kila duka. Kwa maneno, tofauti ya inchi 14 na 15.6 haisikiki. Mume wangu, kwa kuwa ni mtu wa vipimo, hakutaka maneno. Alichukua boksi tupu la tambi, akapima kwa rula, akakata vipande viwili vya ukubwa wa kioo kizima pamoja na fremu yake. Kimoja cha inchi 15.6, karibu sentimita 36 kwa 23. Kingine cha inchi 14, karibu sentimita 32 kwa 21. Akaniambia, "Nenda navyo Dodoma wiki hii, uishi navyo."

Nikaenda na maboksi yangu. Kile kikubwa kilikuwa kinazuia zipu ya begi isifunge, na mfuko wa chaja ukakosa pa kukaa. Kile kidogo kiliingia nyuma ya laptopu kama vile begi lilishonwa kwa ajili yake. Kwenye meza ya gesti, ambayo ni nyembamba, kile kidogo kilikaa sambamba na laptopu na nikabaki na nafasi ya kikombe cha chai. Mjadala wa inchi ukaishia hapo, na kwa zawadi ya bure nilikuwa na mwanaume aliyenikatia boksi la tambi kwa rula. Kina dada, hilo nalo ni penzi.

Kuhusu uzito, kioo cha inchi 14 au 15.6 kitakuwa kati ya gramu 600 na kilo moja, ukijumlisha na jalada lake. Inaonekana ni kidogo, lakini jumlisha laptopu, chaja, chupa ya maji na mafaili, halafu panda ngazi za stesheni alfajiri. Kila gramu mia ina jina lake.

Ukali wa picha usikusumbue sana. Kinachoandikwa Full HD kwenye boksi, yaani pikseli 1920 kwa 1080, kinatosha kabisa kwa ukubwa huu. Ukinunua cha 4K cha inchi 14, maandishi yanakuwa madogo mno, unalazimika kuyakuza, na kinakunywa umeme zaidi. Kitu nilichokipenda mimi ni vioo virefu kidogo kwenda chini, vya pikseli 1920 kwa 1200. Zile pikseli 120 za ziada kwenye Excel zinakupa mistari kama mitano zaidi kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu wa hesabu, mistari mitano ni mingi.

Mwangaza unapimwa kwa niti. Vioo vingi vya kubeba vina niti 250 hadi 300, na hiyo ni ya ndani ya nyumba. Mume wangu amelithibitisha hilo. Jumamosi moja aliazima kioo changu akamwonyeshe mteja ramani huko Goba, juu ya boneti ya gari, saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, na kioo kikawa kama sahani nyeusi. Wakahamia chini ya mwembe, ramani ikaonekana. Kama kazi yako ni ya nje, tafuta cha niti 400 kwenda juu, au hakikisha saiti ina mwembe. Na chagua kioo kisichometameta. Vile vinavyong'aa vinakuonyesha dirisha lililo nyuma yako na uso wako uliochoka.

Utaambiwa pia habari za OLED, kwamba weusi wake ni weusi kweli na rangi zinawaka. Ni kweli, picha zake zinavutia sana. Lakini OLED ikikaa na kitu kilekile mahali palepale kwa masaa mengi, siku kwa siku, inaweza kubaki na kivuli chake. Sisi wa Excel tuna mistari ileile na vitufe vilevile kutwa nzima. Kwa kazi hii IPS ya kawaida inatosha, na bei yake inapumua.

Umeme unatoka wapi?

Kioo cha begi kwa kawaida hakina betri. Kinakula kwenye laptopu yako, na hilo wauzaji wengi hawalisemi. Tulipiga hesabu nyumbani. Tuseme betri ya laptopu ni ya wati 50 kwa saa, na ukiwa kwenye Excel laptopu inatumia wati 10. Unapata muda wa saa tano. Ongeza kioo kinachotumia wati 8, jumla inakuwa wati 18, na 50 gawa kwa 18 ni chini ya saa tatu. Umeme ukikatika saa moja usiku, saa nne umebaki gizani na kazi nusu.

Kwa hiyo tulitafuta chenye matundu mawili ya USB-C na uwezo wa kupitisha umeme: chaja inachomekwa kwenye kioo, kioo kinajilisha na kuilisha laptopu kwa waya uleule wa picha. Gesti nyingi zina soketi moja tu karibu na meza, na hiyo soketi moja sasa inatosha. Kwa siku za giza nina pawabenki. Unayoitaka ni ile yenye nguvu ya kulisha laptopu, ya simu peke yake haitakusaidia. Na kama unasafiri kwa ndege, betri za namna hiyo zinabebwa kwenye begi la mkononi, zisizidi wati 100 kwa saa; kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi. Ya 20,000 mAh ni kama wati 74, kwa hiyo iko salama.

Punguza pia mwangaza. Usiku huhitaji kioo kiwake kama taa ya mpira wa miguu.

Siku ya Kariakoo

Tulikwenda wote wawili, siku ya Ijumaa, na laptopu yangu mkobani. Majina makubwa kama ASUS na Lenovo wanatengeneza vioo hivi, na ukipata dukani chenye waranti, ni jambo jema. Lakini mtaa wa Aggrey utakutana na majina ambayo hujawahi kuyasikia maishani. Si lazima yawe mabaya. Ni lazima uyapime.

"Sista, hiki orijino kabisa, chukua ukalale usingizi," kijana wa duka la kwanza alituambia. Mume wangu akamjibu, "Kaka, usingizi tutalala, ila kwanza tuchomeke." Hakupenda. Tukaenda duka la pili, kisha la tatu, na hapo yule mama mwenye duka mwenyewe ndiye aliyetuvutia viti.

Hivi ndivyo tulivyokipima, na wewe fanya hivyo hivyo. Chomeka kwa waya utakaopewa, maana kuna nyaya za USB-C za kuchaji tu ambazo hazipitishi picha. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo kizima, halafu mweusi, mwekundu, kijani na bluu. Kitone kilichokufa kitajionyesha chenyewe. Tikisa waya taratibu kwenye tundu: picha ikikatikakatika, achana nacho. Kisimamishe kwa mguu wake. Vingine vinasimama kwa jalada linalokunjwa, na hilo kwenye meza laini linateleza na linataka nafasi kubwa nyuma. Chenye mguu wake wa kukunjua ni imara zaidi. Kiache kiwake robo saa huku mkiongea mengine. Halafu dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, hata kama ni ya miezi sita.

Spika za ndani msizijali, zinalia kama redio iliyo ndani ya ndoo. Kugusa kwa vidole nako kunaongeza bei, na mimi vidole vyangu vina kazi kwenye kibodi.

Tulilipa laki tatu na elfu themanini. Yule mama akatupa kitambaa cha kufutia na kumwambia mume wangu, "Baba, umefanya vizuri kuja naye. Wengi wananunua peke yao halafu wiki ya pili narudishiwa." Kwenye kibubu ikabaki laki moja na ishirini, na sehemu yake tuliila siku hiyo hiyo kwa samaki wa kuchoma. Iliyobaki ndiyo mbegu ya ile monita kubwa ya mchora ramani. Zamu yake itafika.

Siri za watu kwenye treni

Mtaniuliza kama nakitumia kwenye treni. Hapana. Nafasi inaweza kupatikana, lakini kufungua vioo viwili vya hesabu za mteja mbele ya abiria ni sawa na kubandika tangazo. Kuna mishahara ya watu mle, namba za akaunti na majina. Na tangu 1 Mei 2023 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, kwa hiyo hili si suala la adabu tu. Kwenye treni nasoma, naandika orodha ya kesho, nalala. Kioo kinafunguliwa mlango ukiwa umefungwa.

Gesti nakiinua juu ya boksi la viatu ili ukingo wake wa juu ukaribie usawa wa macho. Kioo cha kubeba kina kasoro ya kukaa chini sana, na ukikifuata kwa shingo, mwezi haufiki utakuwa unatafuta wa kukukanda.

Saa moja na nusu

Sasa je, kimefanya kazi yake? Wiki ya kwanza nilifunga hesabu Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia, "Kesho uje stesheni." Akadhani kuna tatizo. Nikamwambia hakuna tatizo, nimemaliza. Akacheka, halafu akanyamaza, na mimi nikaelewa ule ukimya.

Sitawadanganya kwamba kila wiki iko hivyo. Miezi ya kufunga mwaka kazi bado inanishika mpaka Ijumaa jioni, kwa sababu kioo hakifanyi kazi kwa niaba ya mtu. Lakini kwa mwezi wa kawaida, Ijumaa tatu kati ya nne nakula chakula cha mchana nyumbani.

Jambo ambalo sikulitegemea ni faida ya kukikunja. Tumewekeana sheria: ikifika saa moja na nusu usiku, kioo kinarudi kwenye mkoba na ramani zinarudi kwenye bomba lao, awe nani na awe na kazi gani. Ile monita ya inchi 27 isingekunjika. Ingekaa pale mezani usiku na mchana, na meza ingezoea. Mume wangu ndiye aliyeivunja sheria mara mbili, mteja akiwa anamkimbiza. Mara ya tatu nilitandika kitambaa cha meza upande wangu peke yangu, nikaweka sahani mbili, nikakaa nikimsubiri bila kusema neno. Akakunja ramani.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alikishika akakigeuza geuza. "Mwanangu, hiki ni kitabu au televisheni?" Nikamwambia, "Mama, ni kioo cha kazi." Akakitazama nikikirudisha mkobani, akatazama meza ilivyo tupu, akasema, "Basi hicho ni kizuri. Kinajua kuondoka."

Kwa hiyo, wewe na mwenzako mnaofikiria kununua, msianze na inchi wala bei. Anzeni kwa kuulizana ni saa gani mnataka kuzirudisha, na zinapotelea wapi. Zinapotelea nyumbani, nunueni kikubwa cha nyumbani kwa raha zenu. Zinapotelea njiani, nunueni cha begi. Mkishajua hilo, tundu, uzito, umeme na mwangaza ni mambo ya kupima tu, na vipimo havina ugomvi.

Na siku ya kwenda dukani, nenda na laptopu yako na mwenzako. Muuzaji atakuambia kila kitu kuhusu kioo. Mwenzako ndiye atakayekuambia ni lini kizimwe.